Somo: Jinsi ya kutumia mita ya EMF kwenye nyumba inayosemekana ina mizuka

Wakuu, salamu. Nimeombwa mara nyingi nielezee mita ya EMF, yaani kifaa cha kupima uga wa sumaku na umeme, leo nimekaa niandike yote. Naanza na jambo ambalo naomba ulishike kabla ya kuwasha kifaa: mita haijui mzuka. Inajua uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika. Ikiwaka, imekwambia kuna uga unaobadilika mahali hapo, basi. Uga huo umetoka wapi, hiyo ni kazi yako wewe uliyeishika, na ndiyo kazi ambayo wengi wanairuka wakakimbilia kupiga kelele.

Ndani ya mita nyingi mna koili ya waya. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme ndani ya waya, na mita inafanya hivyo hivyo: inapima umeme mdogo uliozaliwa kwenye koili. Umeme wa nyumbani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, mara 60 Marekani, kwa hiyo kila waya unaopitisha umeme una uga unaocheza. Vipimo ni viwili, miligausi na mikrotesla. Mikrotesla 1 ni miligausi 10. Soma vizuri kioo cha mita yako, maana kuvichanganya kunakuza namba mara kumi.

Hatua ya 1: Izoee mita mezani

Iweke karibu na feni inayozunguka, kisha igeuze taratibu pande zote. Kama namba inapanda na kushuka kwa kuigeuza tu, mita yako ina koili moja, na inasoma upande mmoja kwa wakati. Hapo kila sehemu lazima upime mara tatu: mbele, pembeni, juu. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Mfano 3, 4 na 12 zinakupa 13. Mita yenye koili tatu inakufanyia hesabu hiyo yenyewe.

Wenye mita za taa tano kama K-II, fahamuni kwamba taa ya mwisho inawaka uga ukifika kama miligausi 20. Ukifika 300, taa ni ile ile. Kifaa hicho kinafaa kukushtua. Kupima, hapana.

Hatua ya 2: Ondoa vifaa vyenu wenyewe

Simu zote zizimwe kabisa. Simu iliyo mfukoni hutafuta mtandao yenyewe, na kila inapotuma, mita za bei ndogo zinapokea. Redio koli na saa za mkononi zenye mawasiliano nazo zizimwe. Usiamini mtu akikwambia "yangu nimeizima", mwombe aitoe uione.

Hatua ya 3: Ramani ya mchana

Hii ndiyo roho ya somo. Usiporidhika kuifanya, usipoteze usiku wako.

Chora nyumba kwenye daftari, chumba kwa chumba. Pima kila baada ya umbali wa mita moja, kwa kimo cha sakafu, kiuno na kichwa. Andika namba, saa, na kitu gani kilikuwa kimewashwa. Katikati ya chumba cha kawaida utakuta chini ya miligausi 1 au 2. Ukiigusisha mita kwenye mota au transfoma ndogo, namba inaweza kufika mamia. Sasa rudi nyuma taratibu ukiangalia namba inavyoanguka, kwa sababu mwanguko wenyewe unakueleza chanzo. Uga wa mota na transfoma hupungua haraka sana: ukizidisha umbali mara mbili, unabaki takriban sehemu moja ya nane. Kwa hiyo namba kubwa inayokufa ndani ya nusu mita ina chanzo kidogo, na kipo karibu.

Namba inayokataa kufa hadi ng'ambo ya chumba ni habari nyingine. Waya wa laivu (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha) zikipita pamoja, uga wa mmoja unafuta wa mwenzake. Ikiwa umeme unakwenda kwa njia hii na kurudi kwa njia ile, hakuna wa kumfuta mwenzie, na chumba kizima kinajaa uga. Utakuta hivyo kwenye nyumba za zamani ambazo nyaya zilitandazwa mbalimbali, pale fundi alipounganisha nyutro za saketi mbili, au umeme unaporudi kupitia mabomba ya chuma ya maji. Ukikuta hali hiyo, acha habari za mizuka, mwambie mwenye nyumba aite fundi umeme aliyesomea. Nyaya za namna hiyo zinaweza kuua mtu.

Niwape tukio moja. Mama mmoja alikuwa hataki tena kulala chumbani kwake, anasema kuna mtu anasimama usiku kichwani pake. Nikaweka mita juu ya mto. Miligausi 0.4, imetulia. Nikakaa sakafuni nikingoja. Baada ya kama robo saa ikaruka hadi 14, ikakaa hapo dakika kadhaa, ikarudi 0.4. Ikaruka tena. Nikaweka kiganja ukutani juu ya kitanda nikasikia ukuta unatetemeka kwa mbali, kama paka anayekoroma. Upande wa pili palikuwa jikoni, na friji ilikuwa imeegeshwa mgongo kwenye ukuta ule ule. Kila kompresa ilipoamka, mita iliamka. Tuliivuta friji ikatoka ukutani, namba ikaanguka. Mama yule aliniomba niirudishe na kuivuta tena, mara tatu, akitazama mita kwa macho yake. Kama ningefika pale usiku taa zimezimwa, bila ramani, ningemwambia nini?

Hatua ya 4: Zima meni swichi

Kwa ruhusa ya mwenye nyumba tu. Pima upya sehemu zote zilizokuwa na namba kubwa. Kilichokufa ni cha nyumba. Kilichobaki kinatoka nje, nyaya za barabarani, kebo za ardhini, jirani, au kuna kifaa cha betri na inveta umekisahau.

Hatua ya 5: Usiku

Mita isishikwe mkononi, iwekwe mezani. Mita mbili za aina moja, zikitenganishwa kwa umbali wa mita moja, ni bora kuliko moja. Kamera iziangalie zote pamoja na saa, ikiwa mbali nazo, maana kamera nayo ina umeme. Wapo wanaoiuliza mita maswali, "washa taa kama upo". Kama utafanya hivyo, hesabu pia mara zote taa ilipowaka bila kuulizwa. Bila hesabu hiyo ya pili, ya kwanza haina maana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, programu ya simu inatosha? Yangu inaonyesha 45 hata nikiwa uwanjani.

Hiyo 45 ni mikrotesla, na ni sumaku ya dunia yenyewe, ambayo huwa kati ya 25 na 65 kutegemea ulipo. Simu inatumia kihisi cha dira. Kinaona uga uliotulia na vyuma vilivyo karibu; mita ya koili inaona uga unaocheza. Usilinganishe namba za vifaa hivyo viwili.

Jengo letu halina umeme kabisa na mita iliwaka. Hapo unasemaje?

Nauliza kwanza: simu, redio, betri dhaifu, kebo ya chini ya ardhi? Kuna mita ambazo ukizipunga haraka hewani zinasoma, kwa sababu koili inakata uga wa dunia. Ukishaondoa yote, andika "chanzo hakijajulikana". Usiandike "mzuka", kwa sababu hakuna jaribio lililowahi kuthibitisha kwamba mzuka unatoa uga wa sumaku.

Nimesikia uga wenyewe ndio unafanya watu waone mizuka. Kweli?

Hoja hiyo ilivuma kupitia mtafiti Michael Persinger wa Chuo Kikuu cha Laurentian, Kanada, aliyewavalisha watu kofia yenye sumaku dhaifu, na wengi wakasema wamehisi kuna mtu. Mwaka 2005 Pehr Granqvist na wenzake, Uswidi, walirudia jaribio huku hakuna aliyejua sumaku imewashwa kwa nani. Walichokuta ni kwamba aliyehisi ni yule mwepesi wa kuathiriwa na anachoambiwa, sumaku iwepo isiwepo. Mwaka 2009 Chris French na wenzake wa London walitoa matokeo ya chumba walichokijenga maalumu, chenye uga wa sumaku wa kuwashwa na kuzimwa, watu 79 waliingia. Wengi walihisi mambo ya ajabu, lakini hayakufuata uga. Ndiyo maana mimi simwambii mwenye nyumba namba za mita kabla hajanieleza alichokiona.

Miligausi 30 kitandani ni hatari?

Kikomo cha ICNIRP (tume ya kimataifa ya kuwakinga watu na mionzi ya aina hii) kwa umma, cha mwaka 2010, kwa umeme wa mara 50 ni mikrotesla 200, yaani miligausi 2,000. Upo mbali nacho. Tafuta chanzo hata hivyo, kwa sababu ya nyaya.

Mita haijaonyesha kitu, lakini familia nzima inaamka na kichwa kinauma na tunasikia hatua za miguu. Tunalala na jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi.

Mkuu, weka mita pembeni. Mwaka 1921 daktari Wilmer wa Marekani aliandika habari za familia iliyoumwa vichwa na kusikia hatua za mtu asiyeonekana; tanuru la nyumba lilikuwa bovu na gesi yake inavuja ndani. Lilipotengenezwa, mambo yakaisha. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mita ya EMF haiwezi kuiona. Fungua milango, jiko litoke nje sasa hivi, watoto watoke kwanza. Mkiwa salama nendeni hospitali mkawaeleze kuhusu mkaa, halafu uje utuambie mmeamkaje.