Samaki mkuu wa tangi la mchanganyiko

Unapochagua samaki mkuu, yaani yule mkubwa wa kuvutia macho katika tangi lenye samaki wa aina mbalimbali, anza na samaki wadogo ulio nao, si na uzuri wa yule uliyemwona dukani. Angalia mdomo kwanza: anayeenea mdomoni mwa mwenzake huliwa. Samaki-malaika huuzwa akiwa mdogo kama sarafu, lakini akifika sentimita 15 huwameza neon tetra, samaki wadogo sana, mmoja mmoja usiku, nawe asubuhi unabaki kuhesabu.

Kwa tangi la lita 120 lenye neon 10 na koridorasi 6 (kambare wadogo wa chini ya tangi), gurami-lulu anafaa zaidi. Hufikia sentimita 12, mdomo wake ni mdogo, na maji ya nyuzijoto 25, pH (kipimo cha asidi) 6.5 hadi 7, yanawafaa wote. Weka dume mmoja na majike wawili. Madume wawili watafukuzana. Dume ana pezi la mgongoni refu lililochongoka, na akikomaa koo lake huwa la rangi ya chungwa.

Acha sentimita 4 au 5 kati ya maji na kifuniko, maana gurami hupanda juu kuvuta hewa. Punguza mkondo wa filta, weka mimea inayoelea. Barbi wenye milia usiwachanganye naye kabisa: humdonoa yale mapezi ya tumboni membamba kama uzi. Muingize gurami wa mwisho, taa zikiwa zimezimwa.