Kupima kaboni ya tishari la mtoni bila kujidanganya
Anza na lita, makadirio weka pembeni. Pima mafuta ya tangi kabla ya kuondoka na upime tena tishari likirudi, jumlisha mafuta yaliyojazwa njiani, na dizeli ya jenereta pia maana hiyo ndo watu wengi wanairuka. Lita 1 ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.68 za kabonidayoksaidi.

Halafu tani-kilomita, yaani tani za mzigo mara umbali. Tuseme tishari limebeba tani 800 kwa kilomita 250, hizo ni 200,000, na kwenda plus kurudi tupu limekula lita 2,000, sawa na kilo 5,360, ukigawa unapata gramu 26.8 kwa kila tani-kilomita. Ukiificha ile safari tupu namba itapendeza, ila ni uongo tu. Na kupanda mto kunakula mafuta kuliko kushuka, so piga wastani wa mwaka mzima.

Ripoti ifuate ISO 14083 ya 2023, yaani kiwango cha kimataifa cha kuhesabu hewa chafu ya usafirishaji. Hiyo inataka pia hewa chafu ya kuzalisha na kusafirisha mafuta yenyewe, kwa hiyo ile 2.68 peke yake haitoshi. Risiti za mafuta usitupe, mkaguzi ataziulizia.