Kabla ya kusafiri kutoka Kigoma kwenda kupunguzwa tumbo: mambo ya kuzingatia

Wanaoniuliza hapa Kigoma kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito huanza na bei. Mimi nawasihi wamuulize daktari kwanza: hicho kipande cha tumbo kitakachokatwa kitatolewa kupitia wapi?

Katika upasuaji unaofanywa sana, wa kamera na vifaa kupitia matundu madogo, daktari hukata tumbo la chakula kwa stepla maalumu na kuondoa karibu robo tatu yake au zaidi kidogo. Linabaki kama mrija, mfano wa ndizi. Matundu huwa manne au matano, mengi ya milimita 5 hadi 12, na kipande ni kikubwa kuliko tundu lolote. Basi daktari hukikamata kwenye ncha, akakivuta taratibu kupitia tundu kubwa kuliko yote. Pengine hulipanua kidogo. Wengine hukitia kwanza kwenye kifuko ili majimaji ya tumbo yasiguse kidonda. Tundu hilo ndilo mara nyingi huuma zaidi, na ndilo la kuchungwa lisiingie usaha wala kutoa ngiri. Uliza kama watatumia kifuko, kama watashona tabaka la ndani au ngozi tu, na kama kipande kitapimwa maabara.

Mama yangu mdogo alirudi Mwanga, hapa hapa Kigoma, siku ya kumi baada ya upasuaji, akajitwika ndoo ya maji. Hakuna aliyemkataza. Jioni kitenge kilikuwa kimenata pale juu ya kitovu, na kidonda kisichozidi urefu wa kidole gumba kilikuwa chekundu, cha moto. Kwa hiyo tafuta mapema mtu wa kukuchotea maji, na umuulize daktari ni lini utaruhusiwa kubeba mzigo.

Sigara iache wiki kadhaa kabla. Dawa zote unazotumia zitaje, hasa za kisukari na za kuzuia damu kuganda. Wiki mbili za mwisho huwa na mlo maalumu, na tafadhali usiudharau, kwani hupunguza ini: ini lenye mafuta hufunika tumbo, kamera ikakosa njia. Ugali wa muhogo na mawese vitasubiri. Migebuka ya kuchemsha na mboga vinaweza kukufaa, ila fuata karatasi uliyopewa.

Tiketi ya kurudi usiikate mapema. Mstari wa stepla unaweza kuvuja hata baada ya kuruhusiwa kutoka wodini: moyo unakwenda mbio, homa inapanda, tumbo linauma. Ukiwa kwenye behewa, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa, nani atakusaidia? Kukaa kitako saa nyingi nako huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Tenga fedha za kulala karibu na hospitali hadi daktari aseme safiri, na nyingine za vitamini, maana hizo ni za maisha yote.

Mwisho, omba barua ya upasuaji inayotaja kilichokatwa na tundu kilipotolewa. Ukipelekwa hospitali ya Maweni hapa Kigoma usiku, daktari wa zamu ataanzia hapo.