Jinsi ya kuomba ufadhili wa ufaulu katika vyuo vya Marekani na kuchagua chuo kwa ofa ulizopata

Mwanafunzi mwenye alama za juu anaweza kusoma shahada ya kwanza Marekani kwa gharama ndogo. Anaweza pia kujikuta na barua tano za udahili huku hakuna hata chuo kimoja ambacho familia yake inaweza kukilipia. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni orodha ya vyuo alivyoomba na tarehe aliyotuma maombi, mambo ambayo huamuliwa miezi mingi kabla ya barua kufika.

Orodha ya vyuo

Fedha za vyuo ni za aina mbili. Msaada wa mahitaji hupimwa kwa kipato na mali za familia. Ufadhili wa ufaulu hupimwa kwa alama, kipaji au uongozi wa mwombaji, na mara nyingi kipato cha mzazi hakiulizwi. Vyuo vyote vinane vya Ivy League, kundi la vyuo maarufu kama Harvard na Yale, pamoja na MIT, hutoa msaada wa mahitaji tu. Familia ikihesabiwa kuwa na uwezo, mtoto hatapata kitu huko hata akiwa wa kwanza katika nchi yake. Vyuo hivyo havina sababu ya kumvuta mtu kwa fedha kwa kuwa waombaji wao karibu wote ni bora. Ufadhili wa ufaulu hutolewa na vyuo vinavyotaka kumpata mwanafunzi ambaye bila fedha angekwenda kwingine, kwa hiyo utafute pale ambapo alama zako zitaonekana kuwa juu ya wenzako.

Kuhakiki hilo ni rahisi. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye mtandao utaipata. Katika sehemu C9 utaona alama za SAT na ACT, mitihani ya kujiunga na vyuo vya Marekani, za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alama zako zikiwa juu ya za asilimia 75 ya waliosajiliwa, wewe ni wa kundi linalotafutwa. Katika H2A, mstari wa n unaonyesha ni wanafunzi wangapi wasiokuwa na uhitaji wa kifedha waliopewa fedha za chuo, na mstari wa o unaonyesha wastani wa walichopewa. Wasio raia wala wakazi wa Marekani wasome pia H6, ambapo chuo hueleza kama kinawafadhili wanafunzi wa kigeni, wangapi, na kwa wastani wa dola ngapi. Hati hii husema ukweli zaidi kuliko vipeperushi vya chuo.

Kila chuo kinachopokea fedha za serikali ya Marekani kimelazimika tangu 2011 kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi (net price calculator), kinachokadiria utakacholipa baada ya kuondoa misaada. Kinawafaa raia na wakazi. Matokeo yake kwa mwanafunzi wa kigeni hayategemeki. Hata kwa raia, angalia kama kikokotoo kinauliza wastani wa alama. Kisipouliza, hakijahesabu ufadhili wa ufaulu.

Tarehe, na kile kinachojazwa

Common App, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi unaotumiwa na vyuo vingi, hufunguliwa tarehe 1 Agosti na huruhusu vyuo visivyozidi 20. Kabla ya kuujaza, tengeneza jedwali lenye safu mbili za tarehe kwa kila chuo: mwisho wa maombi ya udahili na mwisho wa maombi ya ufadhili. Hazilingani mara nyingi, na hapa ndipo wengi wanapopoteza nafasi. Chuo kinaweza kupokea maombi hadi Januari, lakini kikawafikiria kwa ufadhili wale tu waliotuma kufikia Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Anayetuma Januari atadahiliwa vizuri tu, bila senti.

Chunguza pia ufadhili wenyewe unapatikanaje. Kuna unaotolewa moja kwa moja kwa kiwango fulani cha wastani wa alama za shule (GPA) na alama za SAT au ACT. Vyuo vya umma kama University of Alabama huweka viwango hivyo wazi kwenye jedwali. Kuna unaoamuliwa kwa maombi yaleyale ya udahili, bila fomu nyingine. Na kuna ufadhili mkubwa wa ushindani wenye fomu yake, insha zake na usaili, kama Morehead-Cain wa University of North Carolina au Jefferson wa University of Virginia. Baadhi ya ufadhili huo huhitaji shule yako ikuteue, kwa hiyo mwone mwalimu mkuu mwanzoni kabisa mwa mwaka wa mwisho. Fomu za ufadhili wa ushindani mara nyingi hazimo ndani ya Common App. Ziko kwenye akaunti ya mwombaji ambayo chuo hukufungulia baada ya kutuma maombi. Ifungue siku ileile unapopata barua pepe yake.

Kuhusu SAT na ACT, "si lazima" kwa udahili haimaanishi si lazima kwa ufadhili. Soma ukurasa wa ufadhili wenyewe.

Epuka Early Decision, mpango wa kuomba mapema chuo kimoja, ikiwa fedha ndizo zitakazoamua. Mpango huo hukufunga: ukidahiliwa unapaswa kwenda na kuondoa maombi mengine, nawe hujaona ofa nyingine ya kulinganisha. Early Action, mpango mwingine wa kuomba mapema, hukupa jibu mapema bila kukufunga, na kwa anayetafuta ufadhili ndiyo njia bora.

Raia na wakazi wa kudumu wajaze FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo, hata kama wanategemea ufaulu tu, kwa sababu baadhi ya vyuo na majimbo huidai kabla ya kutoa ufadhili wowote. Wengi wa wanafunzi wa kigeni hawastahili fedha za FAFSA; kama chuo kinataka taarifa za kipato chao, kitawaelekeza kwenye CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya taarifa za kifedha za familia, au fomu yake chenyewe.

Kusoma barua za ofa

Barua hazina mpangilio mmoja. Nyingine huchanganya ufadhili, mkopo na kazi ya chuoni, kisha huandika jumla moja kubwa. Futa mikopo yote na kazi. Kinachobaki ndicho unachopewa. Halafu tafuta gharama kamili ya mwaka: ada, tozo, malazi, chakula, vitabu, usafiri, na bima ya afya, ambayo mara nyingi ni lazima kwa mwanafunzi wa kigeni. Ondoa ufadhili kwenye gharama hiyo kamili, kamwe usiuondoe kwenye ada peke yake.

Usizidishe mara nne ukaishia hapo. Ufadhili mwingi ni kiasi kisichobadilika, wakati gharama hupanda kila mwaka. Tuseme chuo cha kwanza kinagharimu dola 82,000 na kimekupa 30,000 kwa mwaka. Cha pili kinagharimu 48,000 na kimekupa 22,000. Gharama zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, cha kwanza kitakulipisha dola 228,210 kwa miaka minne, si 208,000 unazopata kwa kuzidisha. Cha pili ni dola 115,830. Barua yenye ufadhili mkubwa zaidi ndiyo ghali, karibu mara mbili. Ufadhili ulioandikwa kama sehemu ya ada, mfano nusu ya ada au ada yote, hupanda pamoja na ada. Ni salama zaidi kuliko kiasi kinacholingana nao mwaka wa kwanza.

Masharti ya kuendelea kupewa

Hapa uwe mkali, na uulize kwa barua pepe ili majibu yabaki yameandikwa.

Uliza wastani wa alama (GPA) wa kubakiza ufadhili. Mara nyingi huwa kati ya 3.0 na 3.5 katika kipimo cha 4.0. Sharti la 3.5 kwa anayesoma uhandisi ni zito, kwani masomo ya hisabati na kemia ya mwaka wa kwanza huangusha hata waliotoka shuleni na alama za juu. Uliza alama hupimwa kila muhula au mwisho wa mwaka, na kama kuna muhula wa uangalizi kabla ya kunyang'anywa. Chuo kinachofuta ufadhili kwa muhula mmoja mbaya ni hatari kubwa kwa familia isiyo na akiba.

Uliza idadi ya krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo unayosoma. Shahada nyingi huhitaji krediti 120. Krediti 12 kwa muhula hukufanya uhesabike kuwa mwanafunzi wa muda wote, lakini katika mihula minane ni krediti 96 tu, na ufadhili mwingi hukoma baada ya mihula hiyo minane. Unahitaji 15 kwa muhula. Programu za miaka mitano, kama usanifu majengo katika vyuo vingi, huacha mwaka mzima bila ufadhili.

Uliza pia nini hutokea ukileta ufadhili kutoka nje. Vyuo vingine hupunguza fedha zao kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo hupati nafuu yoyote. Na kama unafikiri kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja, hakikisha ufadhili utakungoja. Nafasi inaweza kuahirishwa na fedha zikapotea.

Kuomba waongeze

Inaruhusiwa, na ifanyike Machi au Aprili, kabla ya kulipa chochote. Andika kwa ofisi ya misaada ya kifedha, au ya udahili kama ndiyo iliyokupa ufadhili. Taja kwamba chuo hicho ni chaguo lako, taja kwa dola pengo kati ya ofa yao na uwezo wa familia, ambatanisha ofa ya chuo kinachofanana nacho, na ongeza matokeo mapya uliyopata baada ya kuomba. Ukurasa mmoja unatosha. Ofa ya chuo chenye sifa ndogo zaidi haina nguvu. Ombi lisilotaja kiasi hujibiwa kwa shukrani tu.

Kukubali

Vyuo vingi hutaka jibu kufikia tarehe 1 Mei. Ufadhili wa ushindani unaweza kuwa na tarehe yake ya mapema. Kubali ofa ya fedha na nafasi ya masomo, kwani mara nyingi ni vitufe viwili tofauti, kisha lipa amana kwa chuo kimoja tu. Kulipa kwa viwili ni kukiuka taratibu, na chuo kikigundua kinaweza kufuta udahili.

Mwanafunzi wa kigeni atatuma taarifa ya benki inayofidia pengo la mwaka wa kwanza ndipo apewe fomu ya I-20, hati ya chuo ya kuombea viza, alipe ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, na aombe viza ya mwanafunzi, F-1. Hakikisha ufadhili umeandikwa ndani ya I-20 kwa kiasi sahihi. Ukikosewa, pengo litaonekana kubwa mbele ya afisa wa viza. Tenga pia fedha za kodi: sehemu ya ufadhili inayolipia ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi kwa anayesomea shahada, lakini inayolipia malazi na chakula hutozwa, na kwa mwenye F-1 chuo kwa kawaida hukata asilimia 14 ya sehemu hiyo. Mwisho, tuma matokeo yako ya mwisho mara yatakapotoka, kwa sababu udahili na ufadhili vyote viwili hubaki vya masharti hadi chuo kiyapokee.