Kukipa Kipande cha Barabara Kuu Jina la Askari Aliyefia Kazini: Utaratibu wa California

Karibu na Santa Clarita, kaskazini mwa Los Angeles, kipande cha barabara ya Interstate 5 kimepewa majina ya askari wanne wa doria ya barabara kuu, Walter Frago, Roger Gore, James Pence na George Alleyn, waliouawa kwa risasi huko Newhall usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970. Wapitao hapo aghalabu hudhani kwamba majina ya namna hiyo hutolewa na polisi wenyewe, au na Caltrans, idara ya uchukuzi ya jimbo. Sivyo. Jina hutolewa na Bunge la jimbo, na kibao hugharimiwa na wachangaji. Hayo ni mambo mawili, na wasioyatofautisha mapema huweza kujikuta wana azimio lililokwisha kupitishwa, ilhali barabarani hakuna kitu.

Wa kwanza kuendewa ni wafiwa. Mjane, wazazi na watoto wa marehemu wakubaliane juu ya jina litakaloandikwa: kama ni jina kamili au lile alilozoeleka nalo kazini, na kama litatanguliwa na cheo chake. Hili lisiachwe mpaka mwisho, kwa sababu litakavyoandikwa kwenye azimio ndivyo litakavyosomwa barabarani, na kulisahihisha baadaye ni kuanza safari upya. Kikosi alichotumikia nacho kishirikishwe, kwani ndicho chenye kumbukumbu za utumishi wake.

Baada ya hapo atafutwe mbunge au seneta ambaye eneo lake ndimo barabara ilimo. Wa eneo jingine, hata awe rafiki wa familia, hatoshi peke yake. Kamati za Bunge zinazoshughulikia uchukuzi zina masharti yao: anayeenziwa awe amekwisha kufariki, awe ametoa utumishi usio wa kawaida kwa umma, na awe na uhusiano na jamii ya mahali hapo, wenyeji wawe wameafiki bila upinzani, na jimbo lisitoe hata senti moja. Barua za kuunga mkono kutoka halmashauri ya mji na kaunti husaidia sana kuonyesha kwamba wenyeji wameridhia, kwa hiyo zikusanywe kabla ya kwenda kwa mbunge.

Kazi inayohitaji utulivu kuliko zote ni kuchagua kipande chenyewe. Kisizidi maili 5, yaani takriban kilomita 8, na kisiwe kimekwisha kupewa jina la mtu mwingine, isipokuwa kama waombaji wamejitahidi kutafuta kwa nia njema na kuthibitisha kwamba hakuna anayepinga jina la awali kuondolewa. Mahali askari alipoangukia ndipo panapofikiriwa kwanza, lakini wafiwa waulizwe waziwazi, kwa kuwa wako wasiotaka kupakumbuka kila wanapokwenda sokoni, na badala yake hupenda njia aliyokuwa akiilinda kila siku au ile inayopita karibu na alikokulia. Mipaka nayo haielezwi kwa kukadiria. Pembezoni mwa barabara za jimbo kuna vibao vidogo vyembamba vilivyosimamishwa wima, vyenye kifupisho cha jina la kaunti, namba ya barabara na hesabu ya maili, ambayo huanza upya kila mpaka wa kaunti unapovukwa. Hesabu hiyo ndiyo itumike katika azimio, pamoja na majina ya barabara zinazokatiza pande zote mbili. Kusema tu "karibu na mji fulani" ni kuwaachia wengine wakuamulie.

Azimio lenyewe ni la mabaraza yote mawili, Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 80 na Seneti yenye 40, na halihitaji saini ya gavana. Huandikwa na ofisi ya mbunge, lakini habari za maisha hutoka kwa familia: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alihitimu lini mafunzo ya askari, alifariki vipi, ameacha nani. Kila habari huanza na "kwa kuwa", na mwishoni huja agizo. Lisome agizo hilo kwa makini. Huitaka Caltrans ikokotoe gharama ya vibao vinavyofaa, kisha ivisimamishe itakapopokea michango isiyotoka serikalini inayotosha kuzilipa. Maana yake ni kwamba bila mchango hakuna kibao, hata kama wabunge wote walipiga kura ya ndiyo. Harambee ianze azimio likiwa bado Bungeni, na vyama vya askari viombwe mapema. Familia isiachiwe mzigo huo peke yake.

Wafiwa waelezwe pia kibao kitakavyokuwa, ili wasije wakavunjika moyo siku ya uzinduzi. Mwongozo wa serikali kuu ya Marekani kuhusu alama za barabarani hauruhusu picha, nembo wala historia ya marehemu kwenye kibao cha kumbukumbu, bali jina na maneno machache tu ya kumuenzi, na kibao kiwe kimoja kwa kila upande wa safari. Jina haliingizwi kwenye vibao vya kuelekeza njia. Huko barabara hubaki na namba yake.

Anayeishi jimbo jingine aulize sheria za kwake. Florida, kwa mfano, Bunge likishatoa jina, vibao hungoja azimio la kuunga mkono la mji au kaunti inayohusika.

Na rasimu ya azimio itakapotoka ofisini kwa mbunge, apewe mama wa marehemu alisome jina la mwanawe herufi kwa herufi kabla halijapigiwa kura.