Jinsi ya kulisoma jumba la lodi wa Uingereza ukiwa Tabora na simu yako tu

Vijana wengi hapa Tabora siku hizi wanaangalia zile tamthilia za malodi wa Uingereza, yaani mabwanyenye wenye vyeo na mashamba, jumba linatokea mwanzoni watu wanasema duh, halafu macho yote kwenye mapenzi ya mtoto wa lodi. Sawa, ila jumba lenyewe lina stori kuliko hayo mapenzi, na kulisoma wala huhitaji kusomea usanifu majengo. Tafuta picha tatu tu, ya mbele, ya nyuma na ya kutoka juu.

Anza na madirisha, achana kwanza na minara na masanamu. Miaka ya 1500 kioo kilikuwa bei mbaya, kwa hiyo mwenye vioo vingi anakuonyesha pesa kabla hujabisha hodi. Fungua picha ya Hardwick Hall kule Derbyshire, imejengwa 1590 mpaka 1597, ni ya mama mmoja anaitwa Bess of Hardwick, aliolewa mara nne na akatoka humo tajiri wa kutupwa, na mchoraji wa ramani ya jumba anatajwa Robert Smythson. Angalia vizuri utaona kadiri unavyopanda ndivyo madirisha yanavyorefuka, maana vyumba vya heshima kaviweka ghorofa ya juu kabisa, mgeni apande ngazi mpaka ajue kaja kwa nani. Halafu juu ya minara kaandika ES, Elizabeth Shrewsbury, ndo jina lake rasmi huyo huyo Bess, maherufi makubwa ya kuonekana mbali. Mama hakuwa na aibu hata kidogo na mimi hapo ndo nampendea.

Dirisha likiwa na vioo vidogovidogo na nguzo za mawe katikati, fikiria miaka ya 1500 au mwanzo wa 1600. Likiwa refu, la fremu ya mbao ya kusukuma juu na chini, hapo umeshafika mwisho wa 1600 kuja mbele. Ukikuta dirisha limezibwa kwa matofali usikimbilie kusema ni kukwepa kodi, kweli kodi ya madirisha ilikuwepo, 1696 mpaka 1851, na watu waliziba, lakini mengine yalijengwa bubu toka mwanzo ili tu upande wa kulia ufanane na wa kushoto.

Hapo kwenye kufanana ndo hatua ya pili. Ikate picha ya mbele katikati kwa kidole, pande mbili zikilingana kabisa, na mlangoni kuna nguzo nene zimebeba pembetatu kama hekalu la Warumi, hiyo ni miaka ya 1700, walikuwa wanamuiga Palladio, msanifu majengo wa Italia. Likiwa na minara isiyolingana na dohani kibao na madirisha ya kikanisa, mara nyingi ni 1800 na kitu, walirudia mitindo ya zamani kwa makusudi, hapo ndo wengi wanadanganyika wanadhani jumba ni la kale kuliko lilivyo.

Sasa fungua picha ya kutoka juu, uwanja nao usiuamini. Lile ziwa na vilima vinavyoonekana kama kazi ya Mungu, pale jumba la Blenheim kwa mfano, ni mto ulizibwa na mbunifu wa bustani Capability Brown miaka ya 1760. Picha ya nyuma itakuonyesha jiko, mazizi na kamlango kadogo ka watumishi, wao walikuwa na ngazi zao za pembeni wasikutane na wageni.

Sasa swali ambalo tamthilia huwa hailigusi, nani alilipa? Harewood House kule Yorkshire, imeanza kujengwa 1759, jumba zuri sana, Robert Adam kapamba ndani, Chippendale katengeneza fanicha, ila pesa ya familia ya Lascelles ilitoka kwenye sukari na watumwa wa Karibiani. Na Uingereza ilipopitisha sheria ya kufuta utumwa 1833 ikatenga fidia pauni milioni 20 kwa waliokuwa wanamiliki watu, wakiwemo hao hao, na waliomilikiwa hawakupata hata senti.

Ukishazoea nenda Kwihara, sio mbali na mjini, pale kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi baada ya Stanley kuondoka. Utaona kila kitu kimegeuzwa, kwa nje ukuta mzito, maisha yote yako ndani kwenye ua, na sifa ya mwenye nyumba imewekwa kwenye mlango wa kuchonga badala ya vioo. Lakini maswali ni yaleyale, na lile la nani alilipa lina uzito zaidi hapa maana hii ilikuwa njia ya misafara ya pembe na watumwa, kwa hiyo ukimaliza kupiga picha ya mlango muulize anayekuzungusha mizigo ilikuwa inawekwa wapi na watu walikuwa wanalala wapi.