Namna ya Kuchonga Bao Dogo la Kete kwa Mashine ya CNC ya Mezani

Mashine ndogo za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, hasa zile zinazojulikana kwa namba 3018 kutokana na eneo lao la kazi la milimita 300 kwa 180, kwa kawaida hutumiwa kuandika majina kwenye vibao vya milango na vishikizo vya funguo. Kazi hizo zinafaa kwa kuanzia, lakini anayetaka kuifahamu mashine yake vizuri achonge bao la kete, kwa sababu mashimo yake 32 yanadai vipimo sahihi, ubao uliotulia na subira ya saa kadhaa. Mwongozo huu unahusu bao la safari lenye urefu wa milimita 280, upana wa 150 na unene wa 20, kipimo ambacho kinaingia ndani ya mashine hiyo bila kuilazimisha.

Uchaguzi wa ubao ndio unaoamua mengi. Mninga unafaa sana, kwa kuwa unapokauka hautembei ovyo na unakatika vizuri. Mkangazi nao ni mwepisi zaidi na unaipumzisha mota. Mpingo uachwe kabisa kwa mashine ya aina hii, maana ugumu wake utavunja biti nyembamba, yaani kisu kinachozunguka na kukata, na kuichosha mota kabla safu ya kwanza haijakwisha. Ubao uwe mkavu, upigwe randa pande zote mbili, na ukatwe kwa msumeno hadi kipimo kamili kabla ya kufika mezani, kwa sababu kuitumia mashine kukata ukingo wa nje wa ubao mnene ni kupoteza muda na biti. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa bao.

Mchoro uanze katikati. Chora kwa penseli mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, na pale inapokutana utoboe alama ndogo kwa ncha ya msumari. Hapo ndipo sifuri ya kazi nzima, yaani mahali vipimo vyote vinapoanzia, itakapokaa. Kisha chora mashimo yote kwa penseli. Umbali kati ya kitovu cha shimo na kitovu cha jirani yake uwe milimita 33, na kipenyo cha kila shimo kiwe 28, ili kubaki na ukuta wa milimita 5 kati ya mashimo. Ukuta huo usipunguzwe, kwa maana kati ya shimo na shimo katika safu moja nyuzi zinakuwa fupi na humeguka kirahisi. Kwa vipimo hivi kitovu cha shimo la kwanza, chini kushoto, kitakuwa milimita 115.5 kushoto mwa sifuri na 49.5 chini yake.

Bao la Kiswahili lina nyumba mbili za mraba, na hapa ndipo wachoraji wengi wa kompyuta hukosea. Nyumba ya kila mchezaji ni shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu yake ya mbele, lakini wachezaji wanatazamana, kwa hiyo kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine. Ukiziweka nyumba zote mbili katika safu wima moja ya mchoro, mchezaji mmoja atakuwa amenyimwa nyumba yake. Kwa sifuri ya katikati hesabu ni rahisi: nyumba ya anayeketi upande wa chini ina kitovu 16.5 kulia na 16.5 chini, na ya mwenzake ina kitovu 16.5 kushoto na 16.5 juu. Ukiugeuza mchoro nusu duara, lazima ulingane na ulivyokuwa.

Shimo zuri la bao lina umbo la bakuli, ili vidole vizoe kete bila kukwama. Kwa kipenyo cha milimita 28 na kina cha 10, bakuli hilo ni kipande cha tufe lenye nusu kipenyo cha milimita 14.8. Katika FreeCAD, ambayo ni programu ya bure, unachora nusu ya umbo hilo, unalizungusha kupata shimo moja, kisha unalirudia mahali pote isipokuwa penye nyumba, ambazo ni mraba wa milimita 28 kwa 28 wenye kina kilekile. Sehemu ya programu hiyo inayoitwa CAM, ambayo katika matoleo ya zamani iliitwa Path, ndiyo inayotengeneza njia za biti na kuziandika kwa msimbo wa G, yaani lugha ya amri ambazo mashine inazifuata. Programu kama Candle au Universal G-code Sender huupeleka msimbo huo kwenye mashine.

Kazi inahitaji biti mbili zenye kipenyo cha milimita 3.175: ya kwanza yenye ncha bapa kwa kuondoa mbao nyingi, ya pili yenye ncha ya mviringo kwa kulainisha bakuli. Zote ziwe na sehemu ya kukatia isiyopungua milimita 12. Kwa mninga na mota ya kawaida ya mashine hii, inayozunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, anza na kina cha milimita 0.8 kwa kila mpito, mwendo wa milimita 500 kwa dakika, na hatua ya pembeni (umbali kati ya njia moja ya biti na inayofuata) ya milimita 1.3, kushuka wima kusizidi milimita 150 kwa dakika. Biti bapa iache milimita 0.3 za kulainishwa. Sikiliza mota: ikinguruma na kupunguza kasi, punguza kina; mbao ikianza kutoa harufu ya kuungua, biti imekuwa butu au inasugua badala ya kukata, na dawa yake mara nyingi ni kuongeza mwendo, si kuupunguza.

Hesabu ya muda ifanyike mapema. Shimo moja la bakuli lina ujazo wa takriban milimita za ujazo 3,600, na mashimo yote pamoja na nyumba mbili yanakaribia sentimita za ujazo 124. Kwa viwango nilivyotaja, mashine huondoa milimita za ujazo 520 kwa dakika, yaani kazi ya kwanza pekee inachukua karibu saa nne, na kulainisha kwa hatua ya milimita 0.4 huongeza takriban saa mbili. Ndani ya saa sita umeme unaweza kukatika, na unapokatika mashine nyingi za aina hii husahau kabisa zilipokuwa. Kwa sababu hiyo nashauri kwa msisitizo kazi igawanywe katika faili nne za msimbo, moja kwa kila safu. Ile alama ya katikati nayo inaonyesha faida yake hapa, kwa kuwa iko kwenye makutano ya kuta na haichongwi kamwe. Umeme ukirudi, unaipeleka ncha ya biti juu yake, unaweka sifuri upya, na kuirudia safu iliyokatishwa.

Kubana ubao kwa vishikizo vya chuma juu ya bao dogo kama hili ni hatari, kwani biti inaweza kuvigonga. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi wa magari, juu ya meza na chini ya ubao, kisha paka gundi inayokauka haraka kati ya tepu hizo mbili na ukandamize kwa dakika kadhaa. Ubao utashika imara na utabanduka bila jeraha. Sifuri ya kimo ipatikane kwa karatasi ya kawaida iliyowekwa juu ya ile alama: shusha biti taratibu hadi karatasi ianze kukwama inapovutwa. Unapobadilisha biti, kimo kipimwe tena. Sifuri ya kushoto na kulia, na ya mbele na nyuma, ibaki kama ilivyo. Kabla ya kukata, inua biti milimita 20 juu ya ubao, weka hapo sifuri ya kimo ya muda, na uiache biti ipite hewani, huku ukithibitisha kwa macho kwamba inafuata mashimo uliyoyachora kwa penseli; kisha rudisha sifuri ya kimo kwenye ubao.

Vaa miwani ya kinga na barakoa wakati wote, kwa kuwa unga wa mbao huumiza mapafu, na wa mvule huwasha pua na ngozi za watu wengi. Nyonya unga kwa mashine ya kufyonza vumbi kadiri kazi inavyoendelea. Mashine isiachwe peke yake hata kidogo, maana biti butu ndani ya unga mkavu inaweza kuwasha moto.

Biti ya duara haiwezi kukata pembe kali, kwa hiyo pembe za nyumba zitabaki na mviringo wa karibu milimita 1.6. Zinyooshwe kwa patasi yenye makali, kwa kukata kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini. Baada ya hapo piga msasa namba 120, 180 na 240, ukiuviringisha kwenye kidole ndani ya mabakuli, kisha paka mafuta ya kitani kwa kitambaa. Kitambaa chenye mafuta hayo kisikunjwe na kutupwa pembeni, kwa sababu hujipasha joto na kuweza kuwaka chenyewe. Kitandazwe nje hadi kikauke.

Komwe za kawaida ni kubwa kwa mashimo haya. Tafuta mbegu au shanga 64 zisizozidi milimita 9, na kabla ya kuzinunua zote ujaribu kutia 15 ndani ya nyumba, kwani nyumba huanza na kete 6 lakini katika mchezo mkali hujaa kuliko mashimo mengine yote.